Namba Isiyohama

(Mazungumzo ya mwanafunzi wa zamani katika ukumbi wa chakula wa shule yetu, siku ya mkutano wa mwaka)



Nilipoandikiwa barua ya kuja kuzungumza, niliombwa nieleze kazi yangu, yaani kazi ya kutengeneza ramani kwa kompyuta. Nikafikiri, nikiwaeleza kazi nzima mtasinzia, na chakula cha mchana kitapoa. Kwa hivyo nimechagua jambo moja dogo. Jambo lenyewe ni namba inayoutambulisha mstari wa jedwali, na jinsi hesabu yote ya ramani inavyoitegemea. Ni dogo, lakini lilipata kuniaibisha mbele ya watu wazima, na aibu hiyo nitaisimulia hapa leo.

Kwanza turudi bwenini. Wenzangu wa rika langu watakumbuka siku nguo zilipokuwa zikirudi kutoka kwa dobi. Mashati mamia, yote meupe, yote ya kitambaa kimoja, yamerundikwa juu ya meza. Ungelijuaje lako? Ulikuwa ukigeuza kola, na ndani yake kuna namba iliyoshonwa kwa uzi. Namba ile ilikuwa ni namba yako ya kuandikishwa shuleni, uliyopewa siku ya kwanza ulipofika na sanduku lako. Ulipanda darasa, ukahama bweni, ukawa wa kwanza katika mtihani au ukawa wa mwisho, namba ilibaki ile ile. Na ulipoondoka, hakupewa mwingine.

Sasa fikirini kama dobi angelitumia njia nyingine. Angeliweza kusema, "Shati la kwanza ni la mvulana wa kwanza katika foleni." Lakini foleni hubadilika kila siku. Angeliweza kutumia majina. Lakini darasani kwetu tulikuwa na akina Juma Ali wawili, na mmoja wao alikuwa na mashati mazuri kuliko mwenziwe. Angeliweza kutumia nafasi ya mtihani. Muhula unaofuata kila mtu angelivaa shati la jirani yake. Namba ya kuandikishwa ndiyo pekee iliyokuwa na sifa tatu: kila mtu anayo, hakuna wawili wenye moja, na haibadiliki.

Katika kazi ya kompyuta namba ya namna hii huitwa ufunguo.

Ramani ya kompyuta si picha tu. Nyuma ya kila umbo mnaloliona, liwe kisima, barabara au kaunti, pana mstari wa jedwali. Mstari huenda kwa upana, na ndani yake mna habari za kitu kimoja. Safu hushuka toka juu hadi chini, na ndani yake mna habari za aina moja: jina, eneo, idadi ya watu, na kadhalika. Programu ya ramani kama QGIS, ambayo hupatikana bila malipo na ambayo nawashauri vijana mjifunze, ina kikokotoo chake. Unaandika hesabu mara moja, nayo hupita mstari baada ya mstari ikijaza majibu. Mara nyingi kila mstari hutaka habari iliyoko katika jedwali jingine. Ramani inajua eneo la kaunti, sensa inajua idadi ya watu. Ukitaka kujua watu wangapi wanaishi katika kilomita moja ya mraba, hapana budi mstari wa ramani uutafute mstari wa sensa unaolingana nao. Utaujuaje? Hilo ndilo swali la dobi.

Swali hili ni la tangu zamani. Mwaka 1970 Mwingereza mmoja, Edgar Codd, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko California, alitoa makala iliyobadilisha jinsi kompyuta zinavyotunza majedwali. Miongoni mwa mambo aliyoyataja ni ubaya wa kutegemea mpangilio wa mistari. Mistari ya jedwali inaweza kupangwa hivi leo na vile kesho. Kwa hiyo mstari utambulikane kwa ufunguo uliomo ndani yake, wala si kwa mahali uliposimama.

Hayo niliyasoma, nikayafanyia mtihani, nikafaulu. Kisha nikayasahau.

Mwaka 2011 nilikuwa katika kazi ya kupima visima vya vijiji fulani, bara kidogo ya pwani yetu. Tulipima visima 38. Kila kisima tulikipaka namba ukutani kwa rangi nyekundu, na katika daftari tukaandika namba ile, latitudo na longitudo ya mahali pale, na baadaye majibu ya maji yake. Mnajua maji ya visima vya kwetu. Kisima kimoja kitamu, na kingine, hatua chache tu toka pale, ni chumvi.

Ramani niliihifadhi katika muundo wa faili uitwao Shapefile, ambao ulianza miaka ya 1990 na mpaka leo unatumika sana. Muundo huu si faili moja. Maumbo yamo katika faili moja, jedwali limo katika jingine, na kuna la tatu la kuonyesha umbo lipi linaanzia wapi. Sasa sikilizeni vizuri. Kinacholiunganisha umbo na mstari wake ni mpangilio tu. Umbo la kwanza huchukua mstari wa kwanza, la pili huchukua wa pili, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Ni foleni, wala hamna namba kwenye kola.

Usiku wa kuamkia siku ya kupeleka ripoti niliona jedwali halipendezi. Vijiji vilikuwa vimechanganyika. Nikalifungua lile faili la jedwali peke yake katika programu ya majedwali ya kawaida, nikaipanga mistari kwa alfabeti ya majina ya vijiji, nikahifadhi, nikalala usingizi mzuri.

Asubuhi ramani ilifunguka bila kunung'unika. Nikahesabu visima: 38. Nikahesabu vya maji ya chumvi: idadi ile ile iliyokuwa katika daftari. Nikapiga wastani wa chumvi: ule ule. Nikaona kila kitu ni sawa, nikaikabidhi ramani kwa kamati ya maji.

Kumbe maumbo yalibaki mahali pake, na mistari yote ilikuwa imehama. Karibu kila kisima kilikuwa kimevaa shati la mwenziwe. Kamati iliiamini ramani yangu. Ikanunua pampu mpya kwa fedha za michango, ikaifunga kwenye kisima ambacho ramani ilisema ni kitamu. Kisima kingine, ambacho ramani ilisema hakifai, wakakitia kufuli.

Nilirudi huko wiki tatu baadaye. Mama mmoja mtu mzima aliniita kwenye ile pampu mpya, akakinga maji katika kikombe, akanipa. "Mwanangu, onja," akasema. Nikaonja. Yalikuwa maji ya kuoshea samaki. Akaniuliza, "Na kile mlichokifunga tumekunywa tangu utoto wetu. Sasa tunakwenda mbali kila siku na madebe kichwani. Tumewakosea nini?"

Wenzangu, sikuwa na la kumjibu. Siwezi kusema kompyuta ilikosea. Kompyuta ilifanya kile nilichoiambia.

Kilichotuokoa ni rangi nyekundu na daftari. Namba ya kila kisima ilikuwa imeandikwa mahali patatu: ukutani kwenye kisima chenyewe, katika daftari pamoja na latitudo na longitudo, na katika safu moja ya jedwali. Mistari ilipohama, namba ilihama pamoja na habari zake. Kwa hivyo niliweza kuuchukua kila mstari, nikatazama namba yake, nikaitafuta katika daftari, na kukirudisha kisima mahali pake. Kazi hiyo ilikwisha kwa usiku mmoja. Pampu kuihamisha ilichukua muda zaidi, na uaminifu wa watu wale nadhani sikuupata tena wote. Wazee walisema kweli, mali bila daftari hupotea bila habari.

Msidhani jambo hili huwapata watu wa visima tu. Nimeleta mfano ambao kila kijana hapa anaweza kuufanya kwa kalamu na karatasi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaziorodhesha kaunti 47, na mpangilio wake ndio uliotupa namba za kaunti. Mombasa ni 1, na Nairobi ni 47. Hizi hapa ni kaunti sita za Pwani, pamoja na idadi ya watu katika sensa ya mwaka 2019 na eneo kwa kilomita za mraba, kwa kukaribisha:

001 Mombasa: watu 1,208,333, eneo 220
002 Kwale: watu 866,820, eneo 8,267
003 Kilifi: watu 1,453,787, eneo 12,540
004 Tana River: watu 315,943, eneo 37,950
005 Lamu: watu 143,920, eneo 6,253
006 Taita Taveta: watu 340,671, eneo 17,152

Gawanyeni watu kwa eneo. Mombasa mtapata watu 5,500 hivi katika kilomita moja ya mraba, Kilifi 116, Kwale 105, Lamu 23, Taita Taveta 20, na Tana River 8.

Sasa chukulieni kwamba jedwali la ramani limepangwa kwa alfabeti: Kilifi, Kwale, Lamu, Mombasa, Taita Taveta, Tana River. Jedwali la sensa limebaki katika mpangilio wa namba. Mtu mwenye haraka anainakili safu ya watu kutoka jedwali moja na kuibandika katika jingine, mstari kwa mstari. Kilifi itapata watu wa Mombasa, na jibu lake litakuwa 96. Lamu itapata watu wa Kilifi, na jibu litakuwa zaidi ya 230, yaani mara kumi ya ukweli. Mombasa itapata watu wa Tana River, na jibu litashuka hadi 1,436. Taita Taveta itapata watu wa Lamu, na jibu litakuwa 8.

Lakini yatazameni mambo matatu. Kwanza, Kwale ni ya pili katika mipangilio yote miwili, kwa hivyo jibu lake litatoka sahihi kabisa. Mtu akilikagua hilo moja tu, ataridhika. Pili, Tana River itapata watu wa Taita Taveta, na jibu litakuwa 9 badala ya 8. Nani atashtuka? Tatu, jumla ya watu wa kaunti zote sita ni 4,329,474 kabla ya kosa, na ni 4,329,474 baada ya kosa. Jumla haigundui foleni iliyovurugika. Mimi kule visimani nilikagua jumla na wastani, nikajiona mtu mwangalifu.

Njia ya sawasawa ni hii. Katika kikokotoo cha programu, usiseme "mstari wa tatu". Sema hivi: "Nenda katika jedwali la sensa, utafute mstari ambao namba yake ya kaunti ni sawa na namba ya kaunti ya mstari huu, unipe idadi ya watu iliyomo, kisha uigawanye kwa eneo langu." Katika QGIS yuko mtumishi wa kazi hiyo aitwaye get_feature, naye huulizwa jina la jedwali, jina la safu ya ufunguo, na thamani unayoitafuta. Au unaweza kuyaunganisha majedwali mawili kwa ufunguo mara moja, kisha ukapiga hesabu zako zote. Yapange majedwali upendavyo baada ya hapo, jibu halitabadilika.

Naona kijana mmoja pale anataka kuuliza: je, programu yenyewe haina namba zake za mistari? Naam, inazo, na hapo ndipo wengi huteleza. QGIS ina $id, ambayo ni namba ambayo kitu kimepewa ndani ya faili. Katika Shapefile namba hizo huanzia ziro, nazo hufuata foleni. Ukifuta kisima kimoja na faili likasafishwa, wote waliokuwa nyuma yake husogea mbele hatua moja. Aliyekuwa 12 sasa ni 11. Iko pia @row_number, ambayo huhesabu mistari kadiri kikokotoo kinavyopita. Namba hizi zina kazi yake. Ukiwa na jedwali lisilo na ufunguo, unaweza kuzitumia mara moja kuigawia kila mistari namba, ukazihifadhi katika safu ya kawaida, kisha usiziguse tena. Hivyo ndivyo ofisi ya shule inavyofanya siku ya kuandikisha. Kosa ni kuziuliza upya kila siku na kutarajia jibu la jana.

Na majina je? Majina ni mazuri kwa kusoma, si kwa kuunganisha. Kaunti ya sita katika Katiba imeandikwa Taita/Taveta, kwa mkwaju katikati. Mwingine huandika Taita Taveta, na mwingine huweka kistari. Kwa binadamu ni mahali pamoja, kwa kompyuta ni mahali patatu. Murang'a ina alama ya ng'ombe, na alama hiyo ina maumbo zaidi ya moja katika kompyuta. Isipolingana, programu haitakukemea. Itaacha nafasi tupu, na ramani yako itakuwa na kaunti isiyo na rangi.

Hata ufunguo mzuri unataka matunzo. Nitataja maradhi yake matatu.

La kwanza ni ziro za mbele. Namba 001 ikifunguliwa katika programu ya majedwali huweza kugeuka kuwa 1 tu. Upande mmoja una maandishi 001 na upande wa pili una namba 1, na hizo mbili hazikutani. Amua tangu mwanzo kwamba ufunguo ni maandishi, na uuandike hivyo pande zote mbili.

La pili ni pacha. Mistari miwili ikiwa na ufunguo mmoja, muungano wa kawaida utachukua mmoja tu, wala hautakuambia umemwacha nani. Kabla ya kuunganisha, hesabu kila ufunguo umetokea mara ngapi. Ukiona mara mbili, simama.

La tatu ni ufunguo usiotosha. Tuseme jedwali lina sensa mbili. Mombasa mwaka 2009 ilikuwa na watu 939,370, na mwaka 2019 watu 1,208,333. Sasa namba 001 imo mara mbili, na kila mara ni halali. Hapo ufunguo ni namba ya kaunti pamoja na mwaka. Ukitaka kujua ongezeko, ambalo ni watu 268,963, uliza mstari wenye 001 na mwaka 2009, usiseme "mstari ulio juu ya huu". Mtu akija kuugeuza mpangilio, ongezeko litageuka kuwa upungufu, au mbaya zaidi utaitoa Kwale katika Mombasa.

Ndugu zangu, tangu siku ya kikombe kile nina desturi moja. Kabla ya kuitoa ramani yoyote mkononi mwangu, nachagua mistari mitano bila kuipendelea, na kila mmoja naufuata kwa namba yake mpaka penye asili yake: daftari, ukuta wa kisima, au kitabu cha sensa. Sichukui mistari ya mwanzo ya jedwali tu, na sitosheki na jumla. Kazi hii hunichukua nusu saa. Wale kina mama walibeba madebe kwa wiki tatu kwa sababu sikuitumia nusu saa hiyo.

Kwenu ninyi vijana nina ombi dogo. Mwalimu wenu wa Jiografia ameniambia kwamba mnaanza kuchora ramani ya uwanja wa shule, na kila mti mtauandikia aina yake na urefu wake. Basi kabla ya kufungua kompyuta, ipeni kila mti namba. Iandikeni kwenye kibao, mkifunge kwenye mti wenyewe. Mti ukifa, namba yake ife nao, msimpe mrithi. Miaka ishirini ijayo mwanafunzi mwingine atakuja na programu ambazo leo hatuzijui, naye atasimama chini ya mti, asome kibao, na aupate mstari wenu.

Na wenzangu wa zamani, leo asubuhi mezani pale mlangoni tuliandikishwa upya. Karani aliniuliza jina, akapata watu watatu. Akaniuliza mwaka, wakabaki wawili. Nikamtajia namba iliyokuwa kwenye kola ya shati langu, akanipata mara moja.